Bi Mkubwa Apumzike

Jirani yangu fundi cherehani haamini mtu, na tangu awe mjane anafungia kabatini hata chaki. Shemeji yake alipoanza kumletea sukari bila kuombwa, aliniambia, "Huyu ana lake jambo."

Hakukosea. Juzi shemeji aliwaleta wazee wa ukoo kwenye duka la ushonaji alilomwachia mumewe, akavaa sura ya msiba. "Marehemu kaka aliniusia hospitalini. Alisema, 'Bi mkubwa apumzike nyumbani, duka chukua wewe.'"

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nani hakumsikia marehemu kila asubuhi akiwaaga kwenye kahawa, "Ngoja nikamwamshe bi mkubwa"? Wenyewe walidhani anamtania mkewe.

Mjane alimkazia macho. "Ndiyo maneno yake hasa, shemeji?"

"Haki ya Mungu!"

"Mimi aliniita bi mdogo." Akaipiga cherehani kofi. "Bi mkubwa ni huyu hapa, alikuwa naye kabla hajanioa. Hata siku ya harusi yetu hakumpumzisha. Ampumzishe leo kwa ajili yako wewe?"