Nyuso za Kuazima Kwenye Posa Yangu

Kama kuna mtu Mafia hii ambaye bado hajanicheka, basi huyo yuko safarini, na akirudi atasimuliwa gatini kabla hajashusha mzigo. Kwa hiyo nimeona bora nisimulie mwenyewe, maana nimeisikia inavyosimuliwa Kilindoni na wameitia chumvi mpaka imekuwa chungu (eti nilitumbukia kwenye pipa la maji, sikutumbukia, jamani, pipa lilikuwa pembeni).

Mnanijua, nina miaka arobaini na ushei na miguu yangu haitulii. Nilipomaliza kidato cha nne nilivuka kwenda Dar, nikakaa Tanga, nikakaa Lindi, nikazunguka Unguja, na kila nilipofika nilikuwa nalilia nilikotoka: nikiwa Tanga naota pweza wa nazi wa Ndagoni, nikirudi nyumbani naisifu Tanga mpaka watu wananiuliza kama nimeacha mke kule. Sikuacha mke. Mke ndiye niliyekuwa namtafuta, na nilimpata hapahapa, Kiegeani, mwanamke anaitwa Zuhura, analima mwani, anacheka kwa sauti na hana haya ya kukuuliza jambo mbele za watu.

"Rajabu, mimi nakutaka," aliniambia, "lakini mume wa kuniaga kila mwezi simtaki. Mjomba Seif ndiye mzazi wangu. Akiridhika kwamba una kazi ya kukuweka hapa, mlete mshenga."

Basi ikawa hivyo. Maisha yangu yote yakawa mikononi mwa Mzee Seif, mwenye duka la nguo, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi hata siku ya kwenda kumwagilia mchicha, na jambo lenyewe lilikuwa moja tu: aridhike na kazi yangu. Kazi nilikuwa nayo. Ila ilikuwa kazi ambayo ukiieleza kwa sauti inaanza kunuka kidogo.

Alinifundisha rafiki yangu mmoja wa Dar, Sudi, mtu wa maneno mengi na viatu visafi. Alinieleza kwamba kuna masoko ya sarafu za mtandaoni yanayompa kila mteja mpya kizawadi, na sharti lao ni akaunti moja kwa mtu mmoja. Sasa ukitaka zawadi nyingi unahitaji watu wengi, au angalau soko liamini hivyo. Wanataka kitambulisho, wanataka uso (unageuza kichwa kulia, kushoto, unafungua mdomo kama uko kwa daktari wa meno), na zaidi ya hapo wanaangalia kila mtu anaingia mtandaoni kwa mlango gani, kwa hiyo akaunti nyingi zikipita mlango mmoja wanazishuku zote. "Dawa yake ni proksi za simu," akasema Sudi. Kwa lugha yetu ni hivi: mimi nimekaa Miburani na kompyuta yangu, lakini nikiifungua akaunti ya fulani ninapitia kwenye programu niliyoiweka katika simu ya fulani, kwa laini yake, soko linaona fulani katulia kwake anafanya biashara, kumbe mwenyewe yuko shamba anapalilia mihogo.

Nyuso sasa. Hapa Mafia utampata wapi mtu ambaye si ndugu yako? Nikaanza na ami yangu Bakari wa Ndagoni, nikaja kwa shemeji yangu Hamadi, mume wa dada yangu ninayekaa kwake, kisha majirani wawili watatu, na mwisho (hapa ndipo mtanicheka) nikamwendea Mzee Seif mwenyewe. Niliona nimefanya jambo la akili sana. Kila mmoja alinipa kitambulisho na uso, nami nikamlipia bando la wiki, akawa anaangalia mawaidha na mpira bila kuhesabu, na kila mmoja nilimwambia maneno yaleyale kwa sauti ya chini: "Nafasi ilikuwa moja tu, nimekupa wewe. Usimwambie mtu." Nikawazoesha kwamba simu ikisema jambo, wafanye inavyosema palepale, hata kama mkono uko kwenye sahani, wakichelewa bando linakatika. Na kwa kuwa wazee hawasomi ujumbe, nikaziweka simu zao zote ziusome kwa sauti ya juu kabisa, kwa Kiswahili.

Mambo yakaenda vizuri, nikajiona mtu. Nikamtuma Ami Bakari akaombe siku, siku ikapatikana, Jumamosi baada ya swala ya alasiri, nyumbani kwa Mzee Seif. Ami awe mshenga, Hamadi amsindikize pamoja na wale majirani, na mimi, kama desturi ilivyo, nisionekane hata kivuli.

Laiti ningekaa kimya. Lakini Ijumaa nikapata wazo, na mawazo yangu ndiyo yanayonimaliza. Kwangu nilikuwa na kiboksi cha waifai, nilikuwa nakiwasha jioni ndugu na majirani wakija barazani kuangalia mpira na kuunga simu zao, na nikianza kazi zangu nakizima. Nikajisemea, mkwe hapelekewi maneno matupu, nikakifuta vumbi nikampelekea Mzee Seif, nikakiweka juu ya kabati la vyombo, nikakiunganisha na simu yake. Alifurahi! Akasema, "Kijana ana adabu huyu." (Kijana, na mvi zangu.) Nikarudi nyumbani napiga mluzi.

Jumamosi wakaondoka, kanzu nyeupe, kofia za kushonwa kwa mkono, Ami ananukia udi mpaka barabarani. Mimi nikabaki na kompyuta, na ili nisiwaze sana nikaona nifanye kazi kidogo. Nikazifungua akaunti zote. Zilikuwa hazijamaliza kufunguka, kila moja ikaleta maandishi mekundu: watumiaji kadhaa wameonekana mahali pamoja, kila mmoja athibitishe uso wake mara ombi likifika kwenye simu yake, la sivyo akaunti zitafungwa.

Nilitazama ukuta. Kisha nikaelewa. Watu niliowatenganisha kwa ufundi wote ule nilikuwa nimewakusanya mwenyewe kwenye sebule moja, kwenye posa yangu, na simu zao zilipofika pale zikakitambua kile kiboksi kama kuku wanavyomtambua mwenye mtama, zikakikimbilia zote. Mlango mmoja! Nikampigia Sudi.

"Nyuso hizo, kaka, zikikosea tu umekwisha," akasema. "Huwezi kwenda kuwasimamia?"

"Kwenye posa yangu?"

"Kwani utaingia ndani? Chungulia tu."

Mtu mwenye akili angeizima kompyuta akaenda kuswali. Mimi nikapanda bodaboda.

Nilipofika Kiegeani nikazunguka nyuma ya nyumba, nimeinama, nikamkuta Bi Mwanaidi, mke wa Mzee Seif, anakaanga kalimati uani. Akaniangalia kuanzia ndala mpaka kichwani.

"We Rajabu! Mposaji unakuja kwenye posa yako? Umeona wanachelewa?"

"Shikamoo Bibi. Napita tu."

"Marahaba. Unapita unaenda wapi, ukutani?"

Nilikuwa nimeshafika chini ya dirisha la sebule (ndipo lilipokuwa lile pipa, pembeni, kama nilivyosema). Ndani Ami Bakari alikuwa ameshamaliza salamu na dua, sauti yake imekuwa tamu kama halua: "Sisi, Mzee mwenzangu, tumepita hapa tukaliona ua katika bustani yako, nasi tuna kijana wetu, ametulia, ana kazi yake..."

"Ndilo nililotaka kuuliza," akasema Mzee Seif. "Kazi gani hasa?"

Palepale simu zikalia. Zote, kwa pamoja, kisha ile sauti ya mwanamke niliyoiweka juu mwenyewe ikajaa nyumba nzima: "Tafadhali, thibitisha uso wako. Shika simu mbele yako."

Nikainua kichwa nikachungulia. Jamani, sijawahi kuona wazee watiifu namna ile. Ami aliacha ua lake bustanini akatoa simu mfukoni mwa kanzu, Hamadi akatoa yake, majirani wakatoa zao, Mzee Seif akavaa miwani akatoa yake, na kila mmoja akampa mwenzake mgongo kidogo, kwa siri, maana nafasi ilikuwa moja tu. "Geuka kulia." Wakageuka kulia. "Geuka kushoto." Wakageuka kushoto. "Fungua mdomo." Sebule nzima ya wanaume wenye heshima zao, wamevaa kofia, wamefungua midomo kwenye simu kama makinda ya ndege. Kutoka chumba cha ndani, walikokaa wanawake kusikiliza posa nyuma ya pazia, nikasikia mtu anajizuia kucheka, akashindwa.

Mzee Seif ndiye aliyeshtuka kwanza.

"Bakari," akasema, mdomo bado uko wazi nusu, "na wewe unapewa bando?"

"Kumbe na wewe? Mimi niliambiwa niko peke yangu!"

"Hata mimi," akasema Hamadi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. "Nimekificha hiki kitu hata kwa mke wangu."

Bado simu haikuwa imemaliza nao. "Uso hauonekani vizuri. Sogea penye mwanga." Na mwanga pale sebuleni ulikuwa wapi? Dirishani. Wakainuka kama walivyozoeshwa, wote, simu mbele, wakaja wanasukumana mpaka dirishani, na mimi miguu ikagoma kukimbia, yaani miguu hii ambayo maisha yangu yote haikujua kutulia, siku ile ikatulia. Tukawa tunatazamana, wao juu, mimi chini nimechuchumaa.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba," wakaitikia wote. Adabu haikosi Mafia.

Niliingizwa ndani kupitia uani, Bi Mwanaidi ananisindikiza na kijiko cha kukaangia, nikakalishwa kwenye mkeka katikati. Nikaeleza, sikuwa na namna. Nikaeleza akaunti, milango, proksi, kiboksi juu ya kabati. Mzee Seif alisikiliza kama anayesikiliza kesi ya mbuzi aliyeingia shambani kwa mtu.

"Ngoja nielewe," akasema. "Mimi nimekaa dukani kwangu, lakini kule mtandaoni niko naye Rajabu, ananiendesha?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na pakitokea jambo baya huko, akiulizwa mtu, anaulizwa nani?"

"Wewe, mjomba."

Mzee Seif akavua miwani. Hadi hapo ilikuwa kichekesho, lakini miwani ile ilipovuliwa nilijua kwamba mwenye jina zuri Kiegeani nzima nilikuwa nimelichukua jina lake nikaliweka rehani kwa bando la wiki. Ami Bakari, Mungu ampe umri, akajaribu kuokoa. "Naam," akasema, akakohoa, "kama nilivyokuwa nasema, kuhusu lile ua..."

"Ami, ngoja," ikasema sauti nyuma ya pazia. Alikuwa Zuhura. "Mjomba, muulizeni swali moja tu. Katika nyuso hizo zote, wa kwake umo?"

Wakanigeukia. Haumo. Sudi alinifundisha kwamba mwenye kazi haweki uso wake, na mimi nikaona ni ujanja mkubwa. Nikatikisa kichwa.

"Haumo, Zuhura," akasema Mzee Seif.

"Basi jibu tutaleta," akasema Zuhura, na safari hii hakucheka. "Mtu anawatanguliza wenzake mbele, yeye yuko nyuma ya dirisha. Nikiolewa naye, siku ya shida nitamtafuta wapi?"

Tuliondoka bila kula kalimati, na posa isiyoliwa kitu mnajua maana yake, ni kama imekataliwa. Njiani Hamadi alikuwa anauliza tu kama bando la wiki ile bado lipo.

Akaunti zilifungwa zote kabla ya magharibi. Sikuzililia. Kesho yake nilianza kuzunguka nyumba moja baada ya nyingine, nikaitoa ile programu kwenye kila simu mbele ya mwenyewe, nikamwambia nilichofanya kwa jina lake na kumwomba radhi, na kwa Mzee Seif nilikwenda mwisho kwa sababu niliogopa zaidi. Alinisikiliza amesimama, mita ya kupimia kitambaa shingoni, kisha akaniambia vitenge vimekuja vingi kuliko mikono yake, kama nataka kazi ya kuonekana na watu nije nikunje. Nikakunja. Mpaka leo nakunja, na kila mteja anayeingia ananifungulia mdomo kwanza, anageuka kulia, anageuka kushoto, halafu ndiyo anauliza bei.

Jibu lilichelewa mpaka nikaanza kutazama ratiba za boti za kuvuka. Siku moja Bi Mwanaidi akaja dukani akasema, kwa sauti ya wateja wote kusikia, "Zuhura kasema uje. Mshenga asije. Uje mwenyewe."

Hiyo si desturi yetu, mwanamume kujiposea, na Ami Bakari alinuna wiki nzima. Lakini nilikwenda, mchana, kupitia mlango wa mbele, nikakaa mbele ya Zuhura na mjomba wake nikasema kwa kinywa changu ninachotaka na ninachoogopa, na nikasema pia kwamba roho yangu bado inapenda njia. Zuhura akasema hilo alikuwa analijua, alichokuwa hakijui ni kama naweza kulisema nikiwa nimekaa, kisha akakubali.

Kwa hiyo nimeapa, na mnishuhudie: jambo ambalo siwezi kuliwekea uso wangu, sitaliwekea uso wa mtu. Ninyi chekeni tu, hata mke wangu anacheka. Na Tanga bado naitamani, siwafichi, hasa jioni mvua ikinyesha. Ila siku hizi nikiitamani namwambia Zuhura, naye ananiuliza tutakwenda lini.