Siku Niliyompeleka Baba Mkwe Hoteli ya Wahindi

Hadi leo nikikutana mjini na mtu yeyote aliyekuwa ndani ya ile hoteli siku hiyo, mimi huinama haraka kama mtu anayefunga kamba za viatu, na viatu vyangu havina kamba. Sasa wacha niwaambie tu, kwa sababu wengi mmesikia kipande kipande na kila mtu anatia chumvi yake, heri mwenye aibu aieleze mwenyewe.

Mnajua nilikuwa nikimpenda Ayuma (bado nampenda, msianze), na babake, Mzee Lihanda wa Bukura, alikuwa amesema wazee wetu wasikanyage boma lake kuzungumza mambo ya mahari kabla yeye mwenyewe hajaja mjini kuniona kwa macho. Ayuma akaniambia wasiwasi wa babake ni mmoja tu, kwamba amesikia mimi ni mtu wa ndoto nyingi. Ni kweli. Mimi hubeba simiti kwenye duka la vifaa vya ujenzi, shule niliachia kidato cha pili, lakini kila nikibeba mfuko huwa naiona hoteli yangu mwenyewe, ina vitambaa mezani na jina langu juu ya mlango, na watu wamepanga foleni hadi barabarani.

Mama, ambaye tunaishi naye mtaa wa Shieywe, alisema jambo ni rahisi, mzee aje nyumbani, tuchinje kuku, tusonge obusuma, yaishe. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nikamwambia kuku na ugali mzee anakulanga kwake siku zote, mimi nataka kumpeleka mahali atakapojua mkwe wake anaona mbali. Chakula cha Kihindi. Mama akaendelea kuchambua mboga, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani amekubali.

Wiki nzima nikawa mpelelezi. Kila mteja aliyekuja kununua misumari nilimwuliza hoteli nzuri kabisa ya Wahindi katika Kakamega hii ni ipi, na wote, walimu, watu wa boda, hata mama mmoja wa benki, wakataja ile iliyo ghorofani nyuma ya maduka ya vitambaa. Nikapanda ngazi nikachungulia. Harufu ya viungo ilinipokea kabla sijafika juu, nikaona vitambaa mezani, nikaona glasi zimegeuzwa kichwa chini, na mhudumu akaniuliza kama ningependa kuwekewa meza. Mimi, kuwekewa meza. Nikasema ndiyo, pale dirishani. Niliuliza kuhusu dirisha, nikauliza kuhusu maji moto ya kunawa. Kuhusu kuku sikuuliza, kwa sababu niambieni nyinyi, ni Mluhya gani anayeuliza kama hoteli ina kuku? Ni kama kuuliza kama kanisa lina Biblia.

Siku ikafika. Mzee akashuka stendi akiwa na koti lake la kanisani, kofia mkononi, na kwapani jogoo. Jogoo mwekundu, mzima, amefungwa miguu kwa kamba ya katani. Alikuwa zawadi ya kumpa mama yangu, maana mzee wa heshima haendi kuona watu mikono mitupu, na zawadi ya namna hiyo haitumwi kwa boda, hutolewa kwa mkono. Mtu mwenye akili angesema twende nyumbani kwanza. Mimi nilikuwa na meza dirishani. Nikatafuta gunia, tukamtia jogoo, tukapanda naye, nikamsukuma chini ya meza, akanyamaza, nikaona Mungu yuko upande wangu.

Menyu ikaja. Majina yalikuwa marefu na sikujua hata moja (nilitikisa kichwa kama mtu anayekumbuka utamu wa zamani), kwa hiyo nikaifunga, nikamwambia mhudumu kwa sauti ya mtu mzito: "Tuletee kuku mzima, na firigisi uiweke kwa sahani ya mzee." Kwetu firigisi ni ya mkubwa wa meza, akiikosa umemtukana. Mzee akaegemea kiti, ameridhika.

Mhudumu akasema pole pole kwamba hapo hawapiki kuku. Mimi nikaelewa wameisha. Nikauliza mbuzi, hapana, samaki, hapana, hata mayai, hapana, na kila hapana niliona uso wa mzee ukizidi kujifunga, kwa sababu mtu kuja kumwona mkwe akakosa kuku ni habari ambayo watu husimuliana hadi matangani. Ndipo mzee, kwa roho safi kabisa, akitaka kuniokoa, akainama chini ya meza na kuinua gunia.

"Kijana," akamwambia mhudumu, "kama shida ni kuku, sisi tumekuja naye. Nyinyi mchinje tu."

Mhudumu aliruka kama aliyeonyeshwa nyoka, akaugonga mkono wa mzee, gunia likaanguka, na ile kamba ya katani, ambayo nadhani ilianza kulegea huko huko Bukura, ikaachia. Sitaki kueleza sana. Jogoo alipita meza baada ya meza, akatua ndani ya bakuli la dengu la bwana mmoja mwenye shati jeupe, akapiga mabawa, na shati likawa la manjano. Mimi nilikuwa nyuma yake kwa magoti, natambaa ndani ya mchuzi, nambembeleza kama mtoto mchanga, watoto wanashangilia, watu wametoa simu, na yeye akapanda juu ya kaunta akawika.

Mwenye hoteli akatoka jikoni, mama wa Kihindi wa makamo, anapangusa mikono. Akauliza, bila hasira, "Huyu kuku ni wa nani?"

Nikamtazama mzee. Alikuwa amesimama pale dirishani na koti lake la kanisani, anazungusha kofia mikononi, na ukumbi wote ulikuwa karibu kumcheka.

"Ni wangu, mama," nikasema. "Nimekuja naye mimi. Sikujua."

Basi wakanicheka, wakanicheka hadi mwenye shati akacheka. Yule mama hakucheka. Alimwaga punje za wali juu ya kaunta, jogoo akainamia kula, naye mama akamkamata mabawa kama mtu aliyezoea, akanikabidhi, kisha akamgeukia mzee akamsalimu "Mulembe", na kuendelea kwa Kiluhya cha Mumias alikozaliwa, akimweleza kwamba kwao hawali kitu kilichokuwa na pumzi, lakini mgeni hatoki mlangoni mwake na njaa. Mzee alisahau kufunga mdomo. Tukaletewa dengu, viazi vya manjano, jibini ndani ya mchicha, na chapati nyembamba kama leso. Mzee aliulizia obusuma mara moja tu, halafu sikumsikia tena mpaka sahani zote zikawa safi. Mimi sikuonja kitu. Nilikumbatia gunia nikingoja hukumu.

Hukumu ilikuja tukishuka ngazi. Mzee alisimama, akavaa kofia.

"Kule ndani umesema kuku ni wako."

"Ndiyo, baba."

"Na unajua ni wangu."

Akaniambia kwamba kuhusu hizo ndoto zangu bado ana maswali mengi, na kuhusu kazi pia, tena ana maswali hata kuhusu akili yangu. Kisha akanishika bega.

"Lakini mtu anayekubali kuchekwa badala yangu, kwake binti yangu hataaibishwa. Wazee wenu waje."

Nimeapa, jamani. Mgeni wa heshima nitamlisha nyumbani, kwa sufuria za mama, na nikishikwa tena na tamaa ya kujionyesha nitasimama mlangoni niulize kwa sauti, kabla ya habari za meza na dirisha, kama ndani kunapikwa kuku. Lakini msinionee huruma. Wenzangu walipewa wake wakiwa wamevaa suti. Mimi nilipewa wangu kwenye ngazi, magoti yamelowa dengu, na sijui mwanamume mwingine Kakamega nzima anayeweza kusema hivyo.