Nyanjige achuma mistari kumi na sita ya pamba ili Lucy afanye mtihani

Saa moja na nusu asubuhi, Nyanjige Mihayo anasimama mbele ya wanafunzi waliojipanga, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja mnadani kununua ng'ombe. Hahesabu. Anatazama tu.

"Lucy wa Masunga hayupo," anasema. "Wiki ya tatu hii."

Mwalimu mkuu, Salvatory, anafungua daftari la mahudhurio. Ni kweli.

"Ng'ombe wa baba sikuwahi kuwahesabu, lakini akipotea mmoja nilijua," anaeleza mama huyu wa miaka 54, aliyeishia darasa la nne.

Nyanjige ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi kijijini kwao, wilayani Bariadi. Wajumbe ni tisa, wanawake wawili. Kamati huangalia majengo, walimu na, zaidi ya yote, nani haji shule. Mshahara hakuna. Kuna soda ya kikao, nayo ni pale mwalimu mkuu anapokuwa ametoka mjini.

"Waliponichagua nilidhani kazi ni kukaa viti vya mbele," anasema. "Kumbe hata viti tuvitafute wenyewe."

Tangu wanunuzi binafsi wa pamba waruhusiwe kuingia vijijini, misimu miwili sasa, kazi imekuwa nzito. Lori likisikika, kila mwenye mikono anapelekwa shambani. Lucy yuko darasa la saba. Mtihani ni Septemba. Akizidi kukosa, jina lake litafutwa kwenye orodha ya mtihani.

Saa tatu Nyanjige anafika shambani kwa Masunga, baba yake Lucy, daftari kwapani. Masunga akiona daftari anadhani ni karani wa wanunuzi, anakimbilia magunia.

"Mwangaluka, mayu!" anasalimu kwa Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama. "Kilo mnanunua bei gani?"

"Mwangaluka, baba. Sinunui. Nimemfuata Lucy, anatakiwa darasani."

"Na hii pamba aichume mwalimu? Lori likiondoka, nani ajuaye kama litarudi?"

Hapa kijijini, kusimama tu huku mwenzako anachuma ni kumtukana. Nyanjige anakaza kitenge, anaingia mstarini. Wanabishana huku vidole vinakwenda.

"Lucy amebakiza mistari mingapi?"

"Kumi na sita."

"Basi ni yangu. Kesho aje shule."

"Mayu, kwa mgongo huo?"

"Mgongo huu umebeba watoto saba, na baba yao siku za pombe."

Masunga anacheka, kisha anakunja uso. "Ukibakiza hata mmoja, anarudi."

Jumanne Lucy yuko darasani. Hadi Ijumaa jioni Nyanjige amemaliza kumi na mmoja, na lori linasubiriwa Jumapili. Jumamosi anawaita wajumbe wenzake shambani. Mwenyekiti, Joakim, anafika na suruali ya pasi.

"Aliniambia ni kikao cha dharura," analalamika, mkono kiunoni.

"Ndicho hiki," anajibu Nyanjige. "Ajenda ni mistari mitano iliyobaki."

Jua linapozama, imekwisha.

Sasa anataka kamati iiombe wilaya ihamishie likizo ndefu msimu wa kuchuma. "Nami nipumzishe mgongo," anasema.

Na Lucy akishindwa Septemba?

"Ashindwe na maswali, basi. Lakini awe ameyasoma."