Mwalimu wa Mbwa Wetu

Leo mvua imewalowesha kuku wangu, na harufu ya manyoya yao imenikumbusha mbwa wetu wa utotoni. Alikuwa amekula kifaranga, baba akataka kumwua. Nisimwonee baba, hakuwa mkatili. Kuku tulikuwa nao wachache.

“Mama, mbwa akishaonja kuku haachi,” alimwambia bibi.

“Niachie mpaka Jumapili.”

Bibi akamfunga jikoni, karibu na tetea aliyelalia vifaranga kwenye majani ya mgomba. Kila mara mbwa alipowasogelea, tetea alimdonoa pua mpaka akalia.

“Umepata mwalimu, mjinga wewe!” bibi alicheka.

Jumapili, tulipotoka kanisani, baba aliingia jikoni na panga. Labda sikumbuki vizuri, lakini kifaranga kimoja kilikuwa kimesinzia mgongoni kwa mbwa, naye hakuthubutu hata kutikisa mkia.

Baba akatuzuia mlangoni.

“Msipige kelele,” akanong'ona. “Kimelala.”