Nyasi Mbichi Chini ya Ukuta

Asubuhi ile ya kiangazi pale Nuu naikumbuka kama ya jana. Mwanangu, kwa kuwa umepata kazi ya kukagua majengo, acha nikueleze polepole.

Nilikuwa fundi kijana. Akina mama wa mwethya, wanaofanya kazi kwa pamoja, walikuwa wamejenga silanga, bwawa la kukinga maji ya mvua, kwa majembe na karai. Mvua za kwanza zikaja, maji yakakaa. Ukuta ule wa udongo ungevunjika, wangerudi kuchimba maji kwenye mchanga wa mto, mbali, mitungi mgongoni.

Mkaguzi wetu alikuwa Bwana Musyoka. Alisimama juu ya jiwe fulani, akapiga picha, akageuka kidogo, akapiga nyingine, mpaka ukuta ukaisha. Zikishasafishwa mjini alizibandika ubavu kwa ubavu kwenye kadibodi, zikawa picha moja ndefu. Penye tatizo alichora duara jekundu, na kando yake jina la wa kulirekebisha. Likisharekebishwa, alilikata kwa buluu. Na kila alipokuja alisimama juu ya jiwe lile lile. Nilimpenda kwa uvumilivu huo.

Asubuhi hiyo alilaza chini picha mbili, ya kwanza na mpya, tukazizunguka. Karibu kila duara lilikuwa limekatwa. Kisha akachora jingine jekundu, chini kabisa ya ukuta, penye doa jeusi kwenye picha mpya.

Mama Kalekye, kiongozi wa mwethya, akacheka. Pale palikuwa pameota nyasi mbichi, naye alikuwa amepazungushia miiba ili vitoto vya mbuzi vipate chakula. Watu walipaita baraka.

"Musyoka, hata nyasi ni kosa? Mbuzi wangu watakupeleka kwa chifu."

Alingoja vicheko viishe.

"Mama, kwenye picha ya kwanza doa hili halipo. Na sasa ni kiangazi, mvua hainyeshi. Hizi nyasi zinakunywa wapi?"

Mama Kalekye akainama, akatazama picha moja, akatazama nyingine, akarudia.

"Zinakunywa silanga letu," akasema, akainuka kutafuta jembe.

Aliing'oa ile miiba yeye mwenyewe. Maji yalikuwa yameshuka, kwa hiyo tulichimba upande wa ndani, tukakuta mzizi wa mgunga umeozea ukutani na kuyaachia maji njia. Tukautoa, tukashindilia udongo wa mfinyanzi mpaka miguu ikauma. Nilipomwomba Bwana Musyoka alikate lile duara, aliniambia kwa upole kwamba kazi yetu ameiona, lakini wa kuipima ni maji.

Mvua kubwa zikaja, silanga likajaa. Zilipopita na ardhi kukauka, akapanda juu ya jiwe lake, akapiga tena. Picha ilipokuja, chini ya ukuta palikuwa pakavu. Akampa Mama Kalekye penseli ya buluu, naye akalikata duara huku wenzake wakipiga vigelegele.

Basi, mwanangu, tia alama mahali penyewe, andika ni nani wa kushughulika, kisha rudi usimame uliposimama mwanzo, ulinganishe. Hata kizuri ukikiona mahali ambapo hukukitarajia, kiulize kinakunywa wapi. Na usikate duara kwa sababu mtu amekuambia tayari, hata akiwa ni mimi.

Mungu akupe miguu isiyochoka kurudi, na kila ukuta utakaoukagua uwahifadhi watu wanaoutegemea.