Neno "funga" limemharibia Mama Anna kipaimara

Leo nimetamani ardhi ipasuke niingie.

Kazini kwetu tuna msaidizi wa akili bandia anayepokea oda za mboga kwa simu. Kila kazi anayoweza kuifanya tunamwandikia maelezo, na hayo ndiyo anayoyafuata.

Kuna kazi inaitwa "funga". Mimi niliandika: "Inasitisha oda. Usiitumie pale mteja akitaka tumfungie mzigo."

Bosi akafuta. "Maneno mengi ya nini? AI ina akili, itaelewa yenyewe." Akabakisha: "Inafunga oda." Basi.

Asubuhi Mama Anna, mpishi wa shughuli, akaandika: "Nifungieni nyanya na karoti zangu, nakuja."

Msaidizi akafunga.

Yaani akasitisha oda! Mzigo wote ukauzwa kwa mtu mwingine.

Mama kafika stoo yetu ya Tengeru na kirikuu, kile kigari cha mizigo. Kesho anapikia kipaimara, na hakuna hata karoti moja. Nikampigia bosi, nikaweka spika.

"Mwambie ni makosa ya AI," akasema. "Bado inajifunza Kiswahili."

Jamani.

Mama Anna hakupiga hata kelele. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, nimesema nifungieni. Nilitakiwa nisemeje?"

"Ulisema sawa, mama. Sisi ndio tuliandika vibaya."

Akapanda kirikuu, akaondoka mikono mitupu.

Bosi bado yuko hewani, ananiuliza: "Vipi, mteja ameelewa?"

Nyie mngemjibu nini? Mimi nilikata simu.