Uchungu Katika Pombe ya Milembe

Milembe alikuwa amepika pombe ya mtama pale Nkololo kwa miaka kumi na tisa, na hakuna mnywaji aliyewahi kumrudishia kata. Wa kwanza kurudisha alikuwa fundi baiskeli, mtu mpole. Aliiweka chini, akafuta midomo.

"Mayu, mama yangu, leo ina kitu."

Milembe akaonja. Uchachu wa pombe iliyolala sana aliujua, na moshi wa chungu kilichoungua aliujua. Huu ulikuwa uchungu mwingine. Ulikuja nyuma ya ladha, ukang'ang'ania ulimini, midomo ikaingia ganzi kidogo. Akaimwaga yote shimoni.

Aliyemfundisha kazi alikuwa mama mkwe wake, Limbu, aliyekuwa anakaa nyumba ya pili uani. Bikizee huyo hakuwa na jino hata moja, lakini ulimi wake ulikuwa haujakosea. Kila pombe ilipochujwa, Milembe alimpelekea kata ya kuonja na bakuli la machicha ya mtama yaliyobaki kwenye chujio. Machicha hayo laini ndiyo yalikuwa chakula chake cha mchana.

Safari ya pili Milembe alibadilisha maji. Aliacha ya lambo, bwawa la kijiji, akachota ya bomba. Uchungu ukabaki. Safari ya tatu alisugua mapipa kwa majivu, akayamwagia maji ya moto, akayaanika juani siku mbili. Limbu akaonja, akatema pembeni.

"Maji si mabaya, vyombo si vibaya," alisema. "Tazama kimea chako, mwanangu."

Milembe alichota kiganjani kimea hicho, mtama uliooteshwa na kukaushwa, akakinusa. Kilikuwa kikavu, hakikunuka chochote. Kiroba cha kimea kilikuwa nusu bado, na kuotesha kingine kungemchukua zaidi ya wiki. Akaona bibi amezeeka. Akamwachia bakuli lake la machicha, akaenda zake.

Jioni ile Limbu alianza kutoka udende usiokatika. Macho yalichuruzika machozi, tumbo likamsokota, mikono ikawa inatetemeka. Masunga, mume wa Milembe, akatafuta pikipiki, wakamkalisha mama yake katikati mpaka hospitali Bariadi. Daktari alimmulika machoni kwa tochi.

"Kwenu mnapulizia pamba?" akauliza.

"Tunapulizia," Masunga akajibu.

"Amekula nini?"

Hakuna aliyetaja machicha. Siku ya pili, saa nne asubuhi, Limbu akafa.

Baada ya mazishi, waombolezaji walipopungua, Milembe aliingia ghalani. Akatia kimea kwenye sufuria, akakimwagia maji yanayochemka. Mvuke ukapanda, na harufu ikamjaa puani: harufu ya shamba la pamba mwezi wa pili, mabomba ya kupulizia yakiwa mgongoni. Akakaa chini palepale.

Kisha akakumbuka gunia alimooteshea mtama. Alikuwa amelikuta linaning'inia kwenye uzio, safi. Akalichukua, akamfuata Masunga.

"Gunia hili lilibeba nini?"

Masunga alilipokea, akaligeuza. "Dawa ya pamba. Chupa moja ilipasukia humo. Nikalifua mara tatu kwenye lambo lile la chini, nikalianika. Hukuniuliza."

"Hukuniambia."

Masunga akaliweka gunia chini, akasema, "Ameshazikwa. Tuliache."

Milembe hakuweza. Keshoye alikwenda kwa Eufrasia, binti wa Limbu, aliyekuwa bado amejifunga kanga ya msiba. Akamweleza yote, tangu kata ya fundi baiskeli mpaka harufu ya mvuke. Hakuficha kwamba marehemu alimwambia atazame kimea.

Eufrasia alisikiliza akichambua mboga. Alipomaliza kuchambua, akauliza, "Na wewe ulikinusa, ukampa tena?"

"Nilimpa."

Eufrasia akainuka na ungo wake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Milembe alikifukia kimea shimo refu, gunia akalichoma. Alizunguka kwa wanywaji wake, nyumba baada ya nyumba, akiwaambia walichokunywa. Watatu walikuwa wameumwa kichwa na kutapika wakadhani ni malaria, wawili walimfukuza. Mapipa aliyatoboa matako ili yasitumiwe na mtu. Siku hizi analima vibarua vya dengu. Eufrasia huja kumsalimia kaka yake, huketi uani, na akiletewa maji na Milembe huyaweka chini bila kuyagusa.